Kodi Mbili za Nashville

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi katikati ya Aprili, huketi na familia za Wakongo, Warundi na Watanzania wanaoishi Louisville, Kentucky, nikiwajazia fomu za kodi, na sijawahi kumaliza wiki bila mtu kuniambia kwamba huu ndio mwaka wake wa mwisho hapa, kwani anahamia Nashville, Tennessee, "kwa sababu kule hakuna kodi". Ni mwendo wa maili 175 hivi kwa barabara kuu ya 65, kwa hiyo mara nyingi gari la kuhamisha vyombo huwa limeshakodiwa kabla mimi sijaulizwa lolote. Nimechoka kulijibu jambo hili kwa mdomo, kwa hiyo hapa chini ninayaandika madai ninayoyasikia, moja moja, na majibu yake.

"Tennessee hakuna kodi." Ni kweli kwamba Tennessee haitozi kodi ya mapato kwenye mshahara, na hata kodi yake ya zamani ya riba na gawio ilifutwa tangu Januari 2021. Lakini kodi ya mapato ya serikali kuu, pamoja na asilimia 6.2 ya Social Security (mfuko wa pensheni) na asilimia 1.45 ya Medicare (bima ya afya ya wazee), hukatwa Nashville kama zinavyokatwa Louisville. Anachoepuka mhamiaji ni kodi ya jimbo la Kentucky, ambayo ni asilimia 3.5 kuanzia 2026, na kodi ya ajira ya Louisville, ambayo ni asilimia 2.2 kwa anayeishi na kufanya kazi humu mjini.

Jimbo lisilochukua mshaharani huchukua dukani. Kodi ya mauzo Nashville ni asilimia 9.75 tangu Februari 2025, baada ya wapiga kura kukubali nyongeza ya nusu asilimia kwa ajili ya usafiri wa umma. Kentucky nzima ni asilimia 6. Kibaya zaidi, Kentucky haitozi kodi hiyo kwenye vyakula vya kupikwa nyumbani, ilhali Nashville huvitoza asilimia 6.75. Mteja mmoja aliyekuwa amehamia huko alirudi kunitembelea akiwa na risiti mkononi: mchele, unga, mafuta ya mawese, kuku wawili na maziwa, jumla dola 142.60, na chini yake mstari wa dola 9.63 ambao hakuuelewa. Alidhani keshia amekosea. Hakukosea, ndiyo kodi ambayo hakuwa na habari nayo, na angenunua vitu hivyohivyo Louisville mstari huo usingekuwepo. (Anayelipa kwa kadi ya msaada wa chakula hatozwi katika jimbo lolote kati ya haya mawili, lakini huyu alikuwa analipa fedha zake.)

Tulikaa tukapiga hesabu. Kipato chake ni dola 36,000 kwa mwaka, mkewe hana kazi, na wana watoto wawili. Kentucky ina nafuu ya kodi inayopimwa kwa ukubwa wa familia, ambayo hufuta kodi yote ya jimbo kwa familia iliyo chini ya mstari wa umaskini na kuipunguza kwa iliyo juu yake kidogo, kwa hiyo kodi yake ya jimbo isingezidi dola 500 kwa mwaka. Ongeza dola 792 za mji, utapata kama dola 100 kwa mwezi. Hicho ndicho alichookoa. Sasa ondoa kodi ya chakula cha dola 700 kwa mwezi, yaani dola 47 hivi, kisha tofauti ya kodi ya mauzo kwenye sabuni, nguo na vifaa vya shule, na anabakiwa na dola 40 hivi kwa mwezi. Kwa dola 40 alihamisha watoto shule katikati ya mwaka.

Hapo bado hatujagusa kodi ya nyumba, na nadhani lugha yetu wenyewe inatuponza, kwa sababu neno moja linabeba mambo mawili: mtu anakimbia kodi ya jimbo bila kuuliza kodi ya nyumba. Kwa nyumba ya vyumba viwili yenye hali inayolingana, Nashville hukuzidishia mara nyingi dola 300 au zaidi kila mwezi. Ushauri wangu, ambao hurudia mpaka wateja wanacheka, ni kwamba usiniletee kiwango cha kodi; niletee mkataba wa nyumba na risiti ya duka, nami nitakuambia mji upi ni rahisi. Kwa haki ya Tennessee niseme pia kwamba Kentucky hutoza kila mwaka kodi ya thamani ya gari, na Tennessee haitozi. Mwenye mshahara mkubwa na magari mawili mapya anaweza kweli kunufaika kwa kuhama. Wateja wangu wengi si huyo.

"Bima yangu ya Medicaid nitahama nayo." Huhami nayo. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, huendeshwa na kila jimbo, na unapohama unaomba upya. Kentucky iliipanua mwaka 2014 kwa watu wazima wenye kipato kisichozidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini, kwa wale ambao hadhi yao ya uhamiaji inawaruhusu. Tennessee haijafanya hivyo, na huko mtu mzima aliye chini ya miaka 65, asiye na mtoto, asiye mjamzito wala mlemavu, kwa kawaida hapati hata akiwa hana senti. Ukiwa na kisukari, uliza hili kabla ya kuuliza kodi.

"Kima cha chini cha mshahara Nashville ni kikubwa." Ni dola 7.25 kwa saa katika miji yote miwili. Louisville ilijaribu kukipandisha, na Mahakama ya Juu ya Kentucky ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2016.

"Louisville ni kijiji." Katika sensa ya 2020 Louisville ilikuwa na watu wapatao 633,000 na Nashville wapatao 689,000. Kijiji hakina kituo kikuu cha mizigo ya ndege cha UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi.

"Nitaishi Tennessee, nifanye kazi Kentucky, nisilipe." Kentucky ina makubaliano ya kutotoza mishahara ya wakazi wa majimbo saba, ikiwemo Indiana iliyo ng'ambo tu ya mto Ohio, lakini Tennessee haimo. Ukifanya kazi Kentucky, Kentucky inakata. Na aliyehama mwezi Julai bado anapaswa kujaza fomu ya Kentucky kwa ile miezi aliyoishi huku; wengi huiacha, na barua kutoka Frankfort, makao makuu ya jimbo la Kentucky, huwafuata hadi kwenye anwani mpya ya Nashville.