Mafuta ya ufuta na dawa za Kichina: acheni kumwagia mtu aliyeungua

Wiki hii tu huyu ni wa tatu. Mama kaja na mtoto wa miaka miwili, kavuta kikombe cha chai ya moto, mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni unang'aa mafuta na chumba kizima kinanukia ufuta. Namuuliza mmempaka nini, ananijibu "mafuta ya ufuta dokta, si ndo Wachina wanatumia?" Na maji je? Hata tone.

Jamani. Mafuta juu ya ngozi iliyoungua sasa hivi yanafungia joto ndani, halafu ili nione jeraha limeingia kiasi gani lazima niyafute kwanza, mtoto analia upya na malengelenge yanapasuka.

Najua hii kitu imetoka wapi. China kuna marhamu ya majeraha ya moto inaitwa MEBO, aliyeitengeneza ni daktari Xu Rongxiang miaka ya 1980, na kweli ina mafuta ya ufuta pamoja na nta ya nyuki. Ila humo kuna pia huanglian, huangbai na huangqin, zote mitishamba ambayo tiba ya Kichina inasema inatoa joto, na marhamu hiyo inapakwa jeraha likishapoa na kusafishwa. Mafuta yanabeba dawa na kutunza unyevu, na mara nyingi hiyo ndo kazi yao kwenye dawa za Kichina za kupaka na kubandika, hata zile plasta nyeusi za mgongo mitishamba inachemshwa kwanza kwenye mafuta ya ufuta kisha inachujwa. Sasa wewe umechukua kibebeo tu, dawa yenyewe umeiacha China!

Mtu akiungua ni maji ya bomba yanayotiririka, ya kawaida sio ya barafu, dakika 20 na uangalie saa maana dakika tano mtu anaziona ishirini, huku unavua pete na bangili kabla hajavimba, unafunika na kitambaa kisafi, mnakuja. Dawa ya meno hapana, unga hapana, mafuta hapana.

Mengine haraka haraka. Eti mafuta yoyote ya ufuta ni dawa. Yale ya kahawia ya kuungia tambi ufuta wake umekaangwa, ni kiungo cha jikoni, na waganga wa kale wa China wenyewe walishatenganisha, yaliyokamuliwa bila kukaanga ndo ya dawa, yaliyokaangwa ni ya chakula na ya taa.

Eti yanalainisha choo basi kila mtu anywe asubuhi. Yanamfaa mwenye choo kikavu, hasa wazee na aliyetoka kujifungua. Wewe mwenye tumbo la kuharisha kila mara unajiongezea shida, na kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 120, sio maji hayo.

Kusukutua mafuta mdomoni mnasema ni ya Kichina, hapana, hiyo ni Ayurveda, tiba ya jadi ya India, na mswaki bado unahitaji.

Halafu "ni ya asili hayana madhara". Ufuta unaleta aleji kali kwa baadhi ya watu, Marekani tangu 2023 lazima uandikwe kwenye pakiti kama karanga na maziwa. Ukishawahi kuvimba midomo baada ya kula kashata za ufuta, niambie kabla sijakubandika zile plasta nyeusi.