Mzazi "msumbufu" na dhana nyingine zinazomponza mtoto

Dhana: Tabia yoyote ngeni ya mtoto mwenye usonji (autism, tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na tabia) ni usonji wenyewe.

Hii ndiyo inayoponza zaidi, na hata wataalamu huingia mkenge. Mtoto asiyezungumza ameanza wiki hii kujipiga sikio la kulia, hataki kula, usiku anaamka kila saa. Mama anaeleza, anajibiwa, "Watoto wa hivi ndivyo walivyo." Sikio lenyewe hakuna aliyelitazama.

Ukweli: Usonji haumkingi mtoto na usaha wa sikio wala jino bovu. Choo kigumu, shida za usingizi na kifafa huwapata watoto hawa zaidi kuliko wenzao. Wengine hawalii wakiumia. Wanajiuma mkono, wanazunguka chumbani bila kutulia, au wananyamaza kabisa. Basi mzazi aulize hivi: "Hili limeanza Jumanne, hakuwa nalo kabla. Mtoto asiye na usonji akiletwa hivi, mngempima nini?" Swali hilo ni gumu kulikwepa.

Dhana: Daktari ndiye anayejua, mzazi ana hofu tu.

Ukweli: Daktari anaujua ugonjwa, mzazi anamjua mtoto alivyokuwa jana. Vyote viwili vinahitajika. Nchini Uingereza, Martha Mills, mwenye umri wa miaka 13, alifariki mwaka 2021 kwa sepsisi (mwili kudhuriwa na namna unavyopambana na maambukizi) baada ya wasiwasi wa wazazi wake kupuuzwa wodini. Tangu 2024 hospitali za England zimeanza kutumia utaratibu wenye jina lake: familia ikiona hali ya mgonjwa inazorota na haisikilizwi, inaweza kuita timu nyingine imtazame haraka. Jimbo la Queensland, Australia, lina utaratibu wa namna hiyo tangu 2013.

Ila hofu tupu husahaulika mlangoni. "Anashtukashtuka" ni neno tu. Video ya simu ya sekunde 40, inayoonyesha macho yalielekea wapi na mkono upi ulianza kutetemeka, daktari ataitazama mara tatu. (Kifafa kikipita dakika 5, acha kurekodi, simu hiyo ni ya kuitia msaada.) Daftari nalo lisaidie: saa, muda uliochukua, alikula nini, dawa ipi ilibadilishwa.

Dhana: Ni malezi ya mama.

Ukweli: Wasomi wenyewe waliwahi kudai kwamba usonji unaletwa na mama asiye na upendo. Mwaka 1964 Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, aliipinga nadharia hiyo kwa hoja za kibaiolojia, nayo ikaporomoka. Kwenye maneno ya watu bado haijafa.

Dhana: Akizoea kuwasiliana kwa picha au kifaa, hatasema kamwe.

Ukweli: Tafiti hazionyeshi hivyo. Mpe picha.

Dhana: Mzazi akishasema, mtoto hana haja ya kuulizwa.

Ukweli: Hapa ndipo sisi watetezi wa watoto hawa hukosea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, kifungu cha 7, unampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kutoa maoni yake na kusaidiwa kuyatoa. Kabla ya sindano, mwonyeshe mikono yake yote miwili achague wa kuchomwa, kisha ngoja. Usihesabu hadi tatu ukaamua mwenyewe. Wengine huchukua nusu dakika kabla ya kutazama mkono wanaoutaka.