Mtoto ana mafua na homa, je hizi probayotiki zinasaidia kweli?

Siku hizi wazazi wengi kliniki wanatuuliza kuhusu probayotiki, yale matone au ule unga wa pakiti unaouzwa famasi, eti mtoto akishikwa na mafua ya virusi anapona haraka? Jibu ni kwamba zinaweza kusaidia kidogo, ila haziui virusi, mtu asikuuzie kwa maneno hayo.

Probayotiki ni bakteria hai, wale wazuri. Utasema tumbo na mafua wapi na wapi, lakini sehemu kubwa ya chembe za kinga ya mwili iko kwenye utumbo na hao bakteria wanasaidia kuziamsha. Kule Milan, Italia, madokta wa hospitali ya Policlinico walichukua watoto 128 wenye mafua na homa, wa kuanzia siku 28 hadi miaka 4, kundi moja wakapewa matone yenye bakteria wa aina 3 kila siku kwa wiki 2, kundi lingine matone yasiyo na kitu. Waliopata bakteria homa ilikaa kama siku 3, wenzao siku 5. Majibu yalitoka 2025 na yanatia moyo kwa kweli, ila ni hospitali moja na ni bakteria hao 3 tu, kwaiyo chupa yenye aina nyingine usitegemee itafanya hivohivo. Soma lebo mpaka mwisho wa jina, mfano Lactobacillus rhamnosus HN001, zile herufi na namba ndo aina yenyewe.

Mtoto njiti usimpe kabisa bila daktari. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya njiti mmoja kufariki, na bakteria waliomuingia kwenye damu ni walewale wa kwenye probayotiki.

Mtindi je? Kwa mtoto aliyeshaanza kula ni chakula kizuri, ila maziwa yachemshwe kwanza yapoe ndo ugandishe, mabichi yana hatari ya brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo.

Kinachotuumiza sana ni antibayotiki, mtoto anapiga chafya mbili tu mzazi ameshanunua amoksilini dukani. Virusi dawa hiyo haiwagusi, bakteria wazuri wa tumboni ndo inawamaliza, alafu mtoto anaanza kuharisha juu ya mafua.

Uwe umenunua probayotiki au hujanunua, pumzi lazima uhesabu, maana mtoto akipumua haraka huenda ni nimonia. Mfunue kifua akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, washa saa ya simu uhesabu dakika 1 nzima. Chini ya miezi 2 ikifika 60, miezi 2 mpaka 11 ikifika 50, mwaka 1 mpaka chini ya miaka 5 ikifika 40, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Na ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani akivuta hewa, au ameshindwa kunyonya, au amepata degedege, ondoka nae muda huohuo hata kama ni usiku wa manane.