Tiba ya msitu: tuache oksijeni, tuangalie kotisoli

Kila ujumbe unaozunguka kwenye simu kuhusu tiba ya msitu, yaani kutembea na kutulia msituni kwa ajili ya afya, una sentensi ileile: miti inatoa oksijeni nyingi, ndiyo maana msitu unaponya. Hapana. Hewa ya msituni ina oksijeni karibu asilimia 21, na hewa ya Kariakoo saa saba mchana vilevile. Mtu mwenye mapafu mazima, himoglobini yake, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, imeshajaa oksijeni kwa asilimia 95 na zaidi. Hapo hakuna nafasi ya maana ya kuongeza. Kinachopungua msituni ni moshi, kelele na joto, tujadili hayo.

Jina la Kijapani la tiba hii, shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, lilitolewa mwaka 1982 na Wakala wa Misitu wa Japani, ili kuwavuta watu waende misituni. Vipimo vya maabara vilifuata baadaye. Mtafiti Qing Li wa Japani na wenzake waliwachukua wanaume 12 wenye afya kutoka Tokyo, wakawaweka msituni siku tatu, na utendaji wa seli NK, seli za kinga zinazoua virusi na seli za saratani, ukapanda. Wakijua watu watasema ni raha ya safari tu, wakafanya pia ziara ya mjini; huko seli hazikupanda. Ni kazi nzuri. Lakini hakuna mshiriki aliyekuwa na saratani, kwa hiyo anayeandika kwamba msitu unatibu saratani anamdanganya mgonjwa.

Sasa kotisoli, homoni inayopanda mwili ukiwa na msongo, kwa sababu hapa ndipo wasomaji wanapopotezwa zaidi. Uchambuzi wa Antonelli na wenzake wa mwaka 2019 ulikusanya tafiti 22, na 8 kati yake zikaingia kwenye hesabu ya pamoja. Baada ya matembezi, kotisoli ya mate kwa waliokwenda msituni ilikuwa chini kuliko ya waliokwenda mjini kwa mikrogramu 0.05 kwa desilita. Takwimu hiyo inanukuliwa kila mahali. Inayoachwa ni ile ya kabla ya matembezi: tofauti ilikuwa tayari 0.08. Yaani pengo lilikuwepo kabla mtu hajaanza kutembea, tena kubwa zaidi. Waandishi wenyewe wanataja athari ya matarajio: mtu akijua leo anakwenda msituni, mwili unatulia mapema.

Mimi naongeza shaka nyingine: mate ya kwanza yamechukuliwa wapi, na saa ngapi? Yakichukuliwa pembeni mwa msitu, mshiriki ameshaanza kupata tiba. Kotisoli nayo hupanda hadi kilele nusu saa hivi baada ya kuamka, kisha hushuka mchana kutwa. Pima saa mbili asubuhi, rudia saa nne, itashuka hata kwa aliyekaa foleni benki. Kwa hiyo sampuli ya kwanza ichukuliwe mahali walipolala, kabla hawajaambiwa wanakokwenda, na makundi yote yapimwe saa ileile. Nusu saa kabla, wasile, wasivute sigara, wasipige mswaki, maana damu ya fizi inaharibu kipimo. Mwendo uwe mmoja, simu zizimwe kwa wote, na liwepo kundi la tatu linalokaa tu kwenye chumba tulivu. Bila kundi hilo, huwezi kujua kama msitu umetuliza au mji umesumbua.

Zile dakika 120 kwa wiki ambazo watu huambiwa wakae kwenye maeneo ya asili nazo si dozi. Zilitoka kwa watu karibu 20,000 wa Uingereza walioulizwa mara moja tu, na mwenye afya njema ndiye mwenye nguvu za kutoka mara nyingi. Mwenye shinikizo la damu atembee, na dawa zake aendelee kumeza.

Kwamba msitu hutuliza akili kwa muda mfupi, nakubali. Ila washiriki wengi wa tafiti hizi ni wa Asia Mashariki, wengi wao vijana wenye afya. Sijashawishika kwamba mwili utaitikia vilevile kwa mama anayeujua msitu kama mahali pa nyoka na mzigo wa kuni, na yeye ndiye ningependa apimwe kwanza huku kwetu.