Hela ya chupa ifike na kwenye plastiki

Ukinunua soda ya chupa ya kioo ukataka kuondoka nayo, mwenye duka atakuuliza chupa tupu iko wapi. Kama huna, unaacha hela ya chupa. Ukiirudisha, unapewa chako. Chupa ya maji iliyouzwa kaunta hiyohiyo, ikishanywewa, haina mwenyewe. Juni 1, 2019 tulipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, chupa tukaziacha. Naomba wabunge wetu wa Mtwara na Lindi wapeleke Dodoma marekebisho ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, hela ya chupa iwe ya lazima kwa kila chupa ya plastiki na kila kopo la kinywaji, cha ndani na cha nje.

Kinachotuumiza kusini ni chupa tupu kununuliwa kwa kilo. Chupa ya nusu lita ikiwa na gramu 15, unahitaji kama 67 kupata kilo moja. Mnunuzi hupanga bei kwa kutazama viwanda vya Dar es Salaam, kisha anakata gharama ya lori. Kutoka Mtwara ni zaidi ya kilomita 500, na lori la tani 10 likijazwa chupa zisizobanwa halifikishi hata tani 2, yaani linasafirisha hewa. Kinachobaki kwa mwokotaji wa Nanyamba au Nachingwea hakilipi jasho lake. Tena kilo inaalika mchanga: chupa chache zinatiwa mchanga, vifuniko vinakazwa, kiroba kinapanda uzito. Mchanga huo unakula visu vya mashine ya kusagia, na mnunuzi anashusha bei kwa wote, hadi kwa waaminifu.

Hela ya chupa huhesabiwa kwa chupa moja moja. Napendekeza shilingi 100, ileile Kariakoo na ileile Masasi. Kilo hiyohiyo ya chupa 67 inakuwa shilingi 6,700, na mchanga hauongezi kitu.

Utekelezaji ndio penye kazi. Muuzaji apewe kamisheni kwa kila chupa anayopokea, la sivyo atasema hana nafasi, na atakuwa na haki. Chupa ikishalipiwa itobolewe palepale mbele ya aliyeileta. Isipotobolewa, itatoka mlango wa nyuma usiku na kulipwa tena asubuhi. Kwetu kuna na Mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji: chupa ya Msumbiji haijalipiwa hela hapa, kwa hiyo lebo iwe na alama maalumu, na chupa isiyo na lebo isilipwe. Waokotaji waelezwe mapema wasibandue lebo.

Jambo jingine ni harufu. Huku chupa ya maji ina maisha ya pili: inabeba asali, mafuta ya nazi, uraka msimu wa mabibo, na mafuta ya taa. Plastiki hunyonya mafuta ya taa, na kuosha hakuyatoi yote. Chupa hizo chache zikichanganywa na nyingine, mzigo mzima haufai tena kutengeneza chupa za kinywaji. Zipokelewe na zilipwe, ila ziwekwe kiroba chake.

Wapo wanaosema usafi wa fukwe unatosha. Plastiki ya chupa ni nzito kuliko maji. Iliyofungwa kifuniko huelea, na ndiyo tunayoiokota ufukweni. Iliyo wazi hujaa maji na kuzama. Mvua za kwanza za msimu zikisomba mitaro, zote mbili huingia baharini, na ile ya pili hulala kwenye nyasi bahari na matumbawe ambako hakuna anayefagia.

Sheria isigandishe kiwango. Jimbo la Oregon, Marekani, lilipitisha yake 1971 kwa senti 5. Chupa za maji ziliingizwa 2009 tu, na kiwango kilipanda hadi senti 10 mwaka 2017, baada ya urejeshaji kuwa chini ya asilimia 80 miaka miwili mfululizo. Kifungu cha namna hiyo tukiandike tangu mwanzo: urejeshaji ukishuka, kiwango kipande bila kusubiri muswada mpya.

Zipo na hela ambazo hazitafuatwa, kwa sababu si kila mtu atarudisha. Zisibaki kwa mtengenezaji. Ziingie kwenye mfuko wa kununulia mashine za kubana chupa Masasi, Lindi na Mtwara mjini, na kulipia lori la kwenda Dar es Salaam.