Hujarudi sifuri, umepungua maji tu

"Kocha, nimeisha. Naanza upya."

Kila Mfungo Mosi, Idi ikishapita, nasikia hayo kabla mtu hajatua begi. Safari hii ni kijana aliyekuwa akisukuma kilo 80 kwenye benchi, akaacha chuma mwezi mzima wa Ramadhani. Akapandisha mkono wa fulana: "Tazama ulivyonywea." Nikamwambia alale. Kilo 50, mara kumi, wala hakuhema. Sifuri gani hiyo?

Kilichopungua zaidi ni maji. Msuli huweka akiba ya sukari, glaikojeni, na kila gramu yake hushika kama gramu 3 za maji. Ukiacha mazoezi akiba inashuka, mkono unalegea; ukirudi kula na kunyanyua, unajaa. Nguvu yenyewe, kwa aliyezoea, huvumilia wiki tatu hivi bila kushuka sana. Hata ukikaa zaidi, msuli haukusahau. Mwaka 2010 watafiti wa Oslo waliona kwa panya kwamba viini vya seli, vile vinavyoongoza ujenzi wa msuli, vilivyoongezeka msuli ulipokua vilibaki hata uliponywea. Na huko Jyväskylä, Ufini, makundi mawili yalinyanyua vyuma wiki 20: moja mfululizo, jingine likapumzika wiki 10 katikati. Mwishoni walikaribiana sana. Wiki 10, jamani, na wewe unalilia nne!

Eti msuli ukiachwa hugeuka mafuta? Haugeuki, kama mfupa usivyogeuka ngozi. Uliacha chuma, hukuacha sambusa.

Protini ya kopo? Ukimudu, nunua. Mayai, maharage na samaki wanafanya kazi ileile.

"Nisipoumia sijafanya kitu." Hii ndiyo inayojaza watu majeraha. Baada ya mapumziko hata kazi ndogo huuma siku mbili tatu, kwa hiyo maumivu hayapimi chochote. Msuli hurudi upesi, kano huchelewa, na bega huharibikia hapo katikati. Ndiyo maana kijana alipoomba zile 80 nilimnyima. Wiki ya kwanza theluthi mbili ya uzito wa zamani, seti mbili basi, hata ukinuna. Kijana alinuna.

Ila ukizidisha, misuli ikavimba na mkojo ukatoka rangi ya strungi, usinipigie mimi simu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.