Hesabu Zifanyike Mezani: Kadi Yangu ya Pajani

Kijana anayejiunga na kikosi chetu cha DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani wa kivita, ameniomba nyaraka zote nilizonazo za ndege ya F/A-18C. Nimemtumia ukurasa mmoja: kadi ambayo rubani huiweka pajani ili aisome akiwa angani. Mwongozo wa ndege ile una mamia ya kurasa na lazima ausome, ila ausome akiwa chini. Kombora likishakuandama, utapata sekunde mbili tu za kutupia jicho pajani.

Chukua safari ya kutoka Batumi kwenda uwanja wa Sukhumi, kwenye ramani ya Caucasus ambayo kila mchezaji anaipata bure. Ni karibu maili 80 za baharini, uelekeo digrii 344 kwa kaskazini halisi. Wengi hupotea hapo. Kule sumaku inavutia mashariki kwa karibu digrii 6, kwa hiyo unatoa 6 na kuandika 338. Usipotoa? Marubani wana kanuni yao: kosa la digrii moja, ukisharuka maili 60, limekupeleka maili moja pembeni. Digrii 6 kwa maili 80 ni maili 8. Uwanja uko ufukweni, wewe uko juu ya vilima, unatafuta lami gizani. Yamenikuta, na siku hiyo mwenzangu wa ubavuni alinifuata kwa kuniamini. Tangu hapo kadi yangu ina uelekeo wa sumaku peke yake.

Mwendo nachagua unaogawanyika kirahisi. Noti 480 (maili 480 za baharini kwa saa), zikipimwa kwa mwendo wa ardhini, ni maili 8 kwa dakika, basi Sukhumi ni dakika 10. Noti 420 ni maili 7. Nabonyeza saa nikiacha njia ya kurukia, na mitambo ikizimwa na adui bado najua nilipo.

Mafuta nayahesabu kinyumenyume, kuanzia kutua. Nataka kugusa lami nikiwa na pauni 2,000. Kurudi natenga 1,500. Basi bingo, yaani kiwango cha mafuta cha kugeuka na kurudi, ni 3,500. Namba hiyo naiingiza kwenye kiashiria kabla ya kuachia breki za kuegesha, na sauti ikiita “bingo” nageuza pua, hata kama shabaha iko mbele yangu.

Chini kabisa ni chaneli za TACAN, mitambo ya redio inayokuonyesha uelekeo na umbali wa uwanja: Batumi 16X, Kobuleti 67X, Senaki 31X. Kobuleti naiandika kwa herufi nene kwa sababu iko karibu na njia ya kurudi.

Ukurasa wenyewe ni picha ya pikseli 768 kwa 1024, ndani ya folda ya Kneeboard. Unaufungua kwa Shift ya kulia na K. Herufi ziwe kubwa, mistari isizidi kumi na tano. Za usiku natengeneza kwa mandhari nyeusi, kwani ukurasa mweupe hukupofusha wakati uleule unapozitafuta taa za Batumi.